Vifaa vya umeme vya bei chee, nyumbani na kwenye gari: tuambiane ukweli bila kupepesa macho

Waya Mwekundu

Wakuu, salaam.

Uzi huu ni wa sisi ambao tukipanga kununua TV mpya tunaanza kwa kumtafutia mteja ile ya zamani. Wenye kuingia duka la kampuni na kadi ya benki mkononi wapite salama, ila wasitukejeli. Nimeulizwa sana inboksi, nimeona nijibu hapa mara moja, na wengine waongezee nyama.

Msimamo wangu ni huu: kitu cha bei chee si lazima kiwe kibovu. Tunaumia kwa sababu tunanunua maandishi ya kwenye boksi, na boksi kaandika mwenye kutaka hela yako. Mimi nageuza kifaa nyuma nasoma kile kibandiko cha volti na wati, naangalia fyuzi, nakipima uzito kwa mkono, nafinya waya nione unene wake. Winga wa Kariakoo akikuona unafanya hivyo anaanza kukuita bosi kwa sauti ya chini.

Sabufa ndiyo inayoongoza kwa uongo mjini. Mbele imeandikwa wati 12,000 PMPO (eti nguvu ya juu kabisa ya muziki) kwa herufi za dhahabu. Igeuze: AC 220-240V, 50Hz, 60W. Sasa kitu kinachovuta wati 60 ukutani kitatoa elfu kumi na mbili kutoka wapi? PMPO haina kipimo kinachokubalika popote, kila kiwanda kinaandika namba inayokipendeza. Kipimo cha maana ni RMS, yaani nguvu inayotoka mfululizo, na kwa sabufa inayovuta 60, ukipata 30 mpaka 40 za muziki safi mshukuru Mungu. Na zinatosha! Wati 30 za kweli kwenye sebule zetu hizi za kupanga, jirani atagonga ukuta. Kwa hiyo siwaambii msinunue. Ya kwangu ni ya bei hiyohiyo na kila Ijumaa inapiga taarabu bila shida. Ninachokataa ni mtu kuongeza elfu hamsini kwa sababu ile ya pili imeandikwa 18,000. Geuza zote mbili, mara nyingi utakuta mgongoni ni 60W kwa 60W. Hiyo hela ya kuongeza, iongeze kwa ukubwa wa spika na ubao wa boksi. Gonga boksi kwa kidole: likilia kama kopo, besi yake itatetemesha kabati la vyombo na siyo kifua chako.

TV nazo. Nenda na futi kamba mfukoni. Kioo kinapimwa kona kwa kona, na ni kioo tu, fremu haimo. Inchi 32 ni sentimita 81, inchi 43 ni 109, inchi 24 ni 61. Ukipima "32" ukakuta 71, hapo umeuziwa 28, na hakuna cha kubishana.

Dabo glasi: ni kioo cha ziada mbele ya kile chenyewe, basi. Hakiongezi picha wala rangi. Kama nyumbani una watoto wa kurusha rimoti, chukua, hutajuta. Kama huna watoto na dirisha linatazamana na TV, utakuwa unajiona mwenyewe mchana kutwa.

Smati ya bei ya chini nina mashaka nayo. Nyingi zina RAM ya GB 1 na Android ile ya bure ambayo haijapitishwa na Google. YouTube itafunguka, lakini Netflix inaweza kugoma kabisa au ikacheza picha ya ukungu, na baada ya muda rimoti unabonyeza leo inajibu kesho. Kwa bajeti ndogo mimi nachukua TV ya kawaida yenye kioo kizuri, kifimbo cha kuchomeka kwenye HDMI nitanunua nikipata. Halafu wauzaji wanapenda kusema "hii ina king'amuzi ndani, hulipii tena". Kilichomo ndani kinakamata chaneli za bure peke yake. Za kulipia zitataka king'amuzi cha kampuni yenyewe, hapo hakuna njia ya mkato.

Sasa kitu kimoja ambacho sibani hela hata niwe nimefulia vipi: eksitensheni. Hapa ndipo nyumba zinapoungua. Chukua waya wake usome maandishi yaliyochapwa juu. Unataka 3×1.5 (nyaya tatu ndani, kila mmoja unene wa milimita za mraba 1.5), au 3×1.25 kwa uchache. Ukikuta 0.75, huo ni wa ampea 6 hivi, na plagi yake imeandikwa 13A bila aibu. Ampea 13 kwa volti 230 ni karibu wati 3,000. Birika la umeme peke yake linaweza kula 2,000, ukiongeza na pasi ya 1,000 tayari umefika. Waya mwembamba unageuka kuwa jiko. Na kuna mchezo mwingine: waya unang'aa rangi ya shaba kumbe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Mwombe muuzaji kipande, chuna uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, rudisha. Akikataa kukupa kipande nenda duka la pili, maduka hayajaisha.

Friji: usiwashe bila kilinda friji, umeme wa kwetu unacheza. Hiki nacho wengi wanakidhania vibaya. Kazi yake si kukata umeme ukipanda au kushuka tu. Ukirudi, kinasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu friji iwake, ili gesi itulie kwenye mabomba. Kompresa ikilazimishwa kuanza ilhali presha bado iko upande mmoja inavuta umeme mwingi na kupata moto, na siku moja haiamki. Sasa kuna vilinda friji vya bei chee vyenye taa nzuri tu ambavyo havisubiri chochote. Kichomeke palepale dukani: umeme ukipita papo hapo, hicho ni soketi yenye taa.

Ya gari naja nayo chini. Nawasilisha.

BintiTanga

Kaka Waya, ubarikiwe. Mimi TV yangu ya inchi 32 sauti ipo, picha hakuna, giza tupu. Fundi wa mtaani kaja kasema kioo kimekufa, ninunue nyingine, na hii ataichukua yeye kwa elfu thelathini anisaidie. Nimpe?

Fundi Solda

Dada usimpe! Fanya hivi usiku. Zima taa ya chumba, washa TV, weka chaneli yenye watu wanaotembea. Chukua tochi ya simu, ibandike karibu na kioo kwa upande upande, angalia hapo penye mwanga. Ukiona vivuli vya watu vinatembea kwa mbali, kioo ni kizima. Zilizokufa ni taa za nyuma ya kioo, zile pau zenye LED. Zimeungwa mfululizo, kwa hiyo ikifa moja zinazima zote, ndiyo maana unaona giza la ghafla.

Mimi ndiyo kazi yangu. Pau zinabadilishwa, tena zote kwa pamoja. Kuna mafundi wanaruka ile iliyokufa kwa kipande cha waya, TV inawaka, wewe unafurahi, wiki mbili unarudi. Na ikishatengenezwa ingia kwenye menyu ushushe mwanga wa nyuma mpaka 60 hivi. Hizi TV zinatoka kiwandani mwanga ukiwa 100 ili zing'ae dukani, na ndiyo sababu zinakufa mapema.

Kapuku Mstaarabu

Nyie mnajipa kazi bure. Mimi nanunua mtumba tu. TV ya Ulaya iliyotumika ni bora kuliko hizo plastiki zenu mpya. Uzi ufungwe.

Waya Mwekundu

Mkuu Kapuku, mtumba una mazuri yake na mimi si adui yake. Pasi na mashine ya kusaga za Ulaya zilizotumika nimezikubali. Lakini TV ya mtumba uliza kwanza kama ni plazma. Plazma ya inchi 42 inaweza kuvuta wati 250 na zaidi, wakati LED mpya ya 32 inazunguka kwenye 50. LUKU (umeme wa kulipia kabla) utaijaza wewe, siyo Mzungu aliyeitupa.

Na kwa wanaopenda vitu vilivyokuja ndani ya magari na makontena ya Japani: kule umeme ni volti 100. Ukichomeka jiko la wali la Japani kwenye 230 yetu bila transfoma, unasikia "pap" moja tu na harufu. Soma kibandiko. Kikiandika 100V, hesabu na bei ya transfoma kabla hujatoa hela.

Mzee wa Passo

Kijana wangu, shikamoo zenu nimezipokea kimoyomoyo. Tuingie kwenye gari sasa. Mimi nimetoa gari bandarini, redio ni ya Kijapani, betri ilitolewa siku moja sasa inadai kadi na maandishi ya Kijapani yamejaa. Fundi mmoja anasema anaifungua, mwingine anasema nitupe niweke Android. Na stesheni zinakuja mbili tatu tu. Nifanyeje?

Waya Mwekundu

Marahaba... samahani, shikamoo mzee! Hapo ndipo nilipokuwa naelekea.

Stesheni kwanza, maana hilo ni dogo kwa hela na kubwa kwa raha. FM ya redio nyingi za magari ya Japani ni 76 mpaka 90. Yetu ni 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo kwa Dar unapata Clouds 88.5 na Wasafi 88.9 kwa sababu ziko chini ya 90, lakini EFM 93.7 huioni. Dawa ya bei rahisi ni ekspanda, kile kiboksi kidogo kinachokaa kati ya waya wa antena na redio. Sasa hapa wengi hawaulizi swali la maana: kinashusha kwa namba ngapi? Kuna cha 12, 15 na 20. Ukiweka cha 20, redio itasikia kuanzia 96 mpaka 110. Clouds, Wasafi na EFM zote zimekwenda! Ukiweka cha 12, unasikia 88 mpaka 102, na EFM utaikuta kwenye namba 81.7 ya redio yako. Kwa Dar mimi nachagua cha 12. Namba iko kwenye kibandiko au kwenye boksi, na isipokuwepo usinunue. Halafu fundi akifunge kwenye umeme unaozima na swichi ya gari.

Kufungua redio iliyojifunga inawezekana, mafundi wa Gerezani na Ilala wanazo namna zao. Ila ujue ukifunguliwa leo, siku betri ikitolewa tena inaweza kurudi kulekule. Kama sauti ya redio yako ni nzuri na huhitaji ramani, ifungue uendelee nayo. Redio za kiwandani za Toyota ni imara kuliko Android nyingi za bei chee, nasema hivyo na najua watu watanirukia.

Kwa nini? Ngoja niwaambie kilichomo. Redio nyingi za Android za laki mbili na kitu zimeandikwa Android 13, RAM GB 4, GB 64. Ukienda kwenye mipangilio unaiona 13 kweli, kwa sababu maandishi hayo yanabadilishwa kiwandani tu. Pakua programu kama CPU-Z uisome chipu. Ukikuta AC8227L, hiyo ni prosesa dhaifu ya zamani na Android yake halisi mara nyingi ni 8.1 au chini yake, hata ikijiita 13 au 14. Inafanya kazi? Inafanya: YouTube, Bluetooth, kamera ya nyuma. Ila ukiweka ramani na muziki kwa pamoja inatokwa jasho. Ukitaka kitu cha kueleweka tafuta yenye chipu ya UIS7862. Bei ni karibu mara mbili, lakini hiyo ni mashine ya kweli. Asiye na hela ya hiyo mimi namwambia abaki na redio ya kawaida ya Bluetooth na USB. Muziki utasikia, simu utapokea, na ramani iko mkononi mwako kwenye simu.

Wati za redio ya gari nazo ni ngano. "4×60W" imeandikwa usoni. Umeme wa gari ikiwa inaunguruma ni volti 14.4 hivi. Kwa spika ya omu 4, bila ampu (kikuza sauti) yenye kipandisha volti, huwezi kuvuka wati 25 safi kwa spika, na uhalisia ni 18 mpaka 20. Angalia fyuzi nyuma ya redio: ikiwa ya ampea 10, redio nzima haiwezi kula zaidi ya wati 144 kwa muda mrefu. Utatoaje 240?

Luthuli Mtaani

Salamu kutoka Nairobi. Hii stori ya Android 13 huku Luthuli Avenue na Kirinyaga Road tunaijua vizuri sana. Ukienda na broka bei ni moja, ukienda peke yako ni nyingine. Nataka kuongeza kuhusu kufunga: redio si shida, shida ni fundi anayekata waya za gari kwa meno. Lazima ununue soketi ya gari lako, Toyota iko na zile mbili, ya pini kumi na ya pini sita. Inachomekwa tu, hakuna kukata.

Waya Mwekundu

Umenena, ndugu yangu wa Nairobi. Hapo kwenye waya nisimame kidogo, kwa sababu nimeona betri za watu zikilaumiwa bure.

Redio mpya ina waya wa njano, mwekundu na mweusi. Njano ni umeme wa betri moja kwa moja, wa kutunza saa na stesheni zako. Mwekundu ni umeme unaokuja ukizungusha ufunguo. Mweusi ni bodi, yaani hasi inayofungwa kwenye chuma cha gari. Fundi mvivu asiyeuona umeme wa ufunguo anasokota njano na mwekundu pamoja, anapiga utepe, redio inawaka, anakupa mkono. Ukizima gari redio haijui kuwa umezima, na ile ya Android inaendelea kunyonya usiku kucha. Asubuhi gari linalia "tik tik", unaambiwa betri imekufa. Unanunua betri mpya, nayo inakufa! Ukimaliza kufungiwa redio, zima gari, chomoa ufunguo, subiri. Kioo cha redio kikibaki na mwanga, mwambie fundi afungue tena ukiwa umesimama hapo. Na kwenye Toyota rangi za kiwandani ni nyingine kabisa: wa ufunguo ni wa kijivu, wa betri ni wa bluu wenye mstari wa njano. Fundi akikuambia "rangi ni zilezile kila mahali", mshukuru uondoke.

Kapuku Mstaarabu

Sawa kwa redio nimekuelewa. Taa za LED za kichwa je? Nimeona za lumeni 20,000 kwa elfu arobaini.

Fundi Solda

Mkuu, hizo lumeni (kipimo cha mwanga) za kwenye boksi ni binamu wa PMPO. Balbu yako ya kawaida ya H4 ni wati 55 na 60, na kioo cha taa kimechongwa kwa kufuata pale uzi wa balbu unapokaa. LED ikikaa milimita chache pembeni, mwanga unaruka juu kwenye macho ya anayekuja, na mbele yako barabarani panabaki giza. Unajiona una taa kali kwa sababu mabango na miti inang'aa. Nunua halojeni nzuri, yaani hiyo balbu ya kawaida ya uzi, ya kampuni inayojulikana, safisha vioo vya taa kama vimeota ukungu wa njano, utaona tofauti.

BintiTanga

Na kamera za dashibodi? Mume wangu anaitaka, ana safari nyingi za Tanga na Moshi.

Waya Mwekundu

Dada, achukue, ni kitu cha maana, hata ya bei ya chini inaonyesha nani aliingia barabarani vibaya. Mambo mawili tu. Aulize kama ndani ina betri ya lithiamu au kapasita. Gari likipaki juani mchana wa Tanga, betri ya lithiamu inavimba na kupasua kasha. Kapasita inavumilia. La pili ni memori kadi. Kamera inaandika na kufuta muda wote, kadi ya kawaida inachoka haraka, kwa hiyo atafute zile zilizoandikwa kuwa ni za kamera za ulinzi. Na akiletewa flashi au kadi ya TB 2 kwa elfu kumi na tano, hiyo ni GB chache zilizofundishwa kusema uongo: ikijaa inaandika juu ya ya zamani, na siku ya ajali faili halifunguki. Kwenye kompyuta kuna programu ya bure, H2testw, inajaza kadi yote na kuisoma upya. Inachukua muda ila inaumbua.

Pawabenki ni hivyohivyo, nimesahau kuiweka juu. Ya kweli ya mAh 20,000 haiwezi kuwa nyepesi. Ipeleke kwenye mzani wa Mangi: ikiwa chini ya robo kilo, iache. Na hata ya kweli haitakupa 20,000 kwenye simu, kwa sababu namba hiyo ni ya volti 3.7 na inatoka kwa volti 5. Tegemea kama 12,500. Kwa simu ya 5,000, chaji mbili kamili na kidogo.

Mzee wa Passo

Nimemtuma kijana Kariakoo na karatasi. Amerudi na ekspanda, imeandikwa 12. Nimesikia EFM kwenye 81.7 kama ulivyosema. Redio nimeamua ifunguliwe, Android sitaki.

BintiTanga

Nimefanya ile ya tochi jana usiku. Watu wanatembea! Fundi nikamwambia, kabadilika, anasema basi pau ni laki na themanini.

Fundi Solda

Laki na themanini kwa 32? Dada, kwa hela hiyo anakutengenezea na ya jirani. Piga picha kibandiko cha nyuma ya TV, pale penye namba ya modeli, uitume hapa, nikutajie pau zake zinauzwaje. Usimwachie TV aondoke nayo. Aje aifungue nyumbani kwako, na ile karatasi nyeupe inayokaa kati ya taa na kioo asiiguse kwa vidole, alama zake zitabaki kwenye picha siku zote.